Kadi za besiboli za ligi ndogo: jinsi ya kumfuata mchezaji mmoja ngazi kwa ngazi

Anayeanza kukusanya kadi za ligi ndogo za Marekani hukutana na vitu viwili tofauti vinavyoitwa kwa jina moja. Kuna seti ya timu, yaani rundo la kadi 30 hivi linalouzwa na klabu ya ligi ndogo yenyewe, mara nyingi uwanjani. Na kuna kadi za kiwandani za chipukizi, kama Bowman na Topps Pro Debut, zinazouzwa kwa pakiti kote nchini. Za pili ndizo zenye kelele na bei kubwa. Za kwanza ndizo zinazokuonyesha mchezaji akiwa amevaa jezi ya mji mdogo alikokuwa anacheza mwaka ule, na huchapwa chache. Mwongozo huu unaegemea seti za timu, kwa sababu hapo ndipo mkusanyaji mwenye fedha kidogo anaweza kujenga kitu cha maana.

Hatua ya 1: Jua ngazi

Tangu 2021 kuna klabu 120 zilizo chini ya klabu 30 za ligi kuu, nne kwa kila klabu mama: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, kutoka chini kwenda juu. Chini yake kuna ligi za mazoezi za Arizona na Florida, na ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika.

Ligi hizo za chini kabisa huchezwa bila watazamaji wa kulipa wala duka la uwanjani, kwa hiyo mara nyingi hakuna seti ya timu ya kutafuta. Hili linawahusu wanaowafuatilia vijana wa Uganda. Ben Serunkuma na Umar Male, warushaji waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, walianzia huko chini. Mrushaji mwenzao David Matoma wa Pittsburgh Pirates alifika Bradenton, ngazi ya Single-A, na kuanzia ngazi hiyo utafutaji wa kadi huwa na mantiki.

Kabla ya 2021 klabu zilikuwa nyingi zaidi na ngazi pia. Ukikutana na jina la timu usilolikuta leo, usidhani muuzaji kakosea. Huenda timu ilipoteza klabu mama au ilibadilishwa jina.

Hatua ya 2: Chagua mchezaji mmoja na uandike safari yake

Usianze kwa kununua. Anza na karatasi. Fungua ukurasa wa mchezaji kwenye Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli, sehemu ya ligi ndogo, uandike mwaka, timu na ngazi.

Mfano mzuri ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, aliyeingia uwanjani na Pirates tarehe 26 Aprili 2017. Njia yake inasomeka hivi: ligi ya mazoezi ya Florida 2009, State College Spikes 2010, West Virginia Power 2011, Bradenton Marauders 2012, Altoona Curve na Bradenton 2013, Altoona 2014, Altoona na Indianapolis Indians 2015, Indianapolis 2016. Miaka minane kabla ya kufika juu, na karibu kila mwaka una jezi ya kutafuta.

Angalia kwa makini mwaka wenye timu mbili. Picha za seti ya timu hupigwa mwanzoni mwa msimu, ili kadi zitoke msimu ukiendelea. Aliyepandishwa daraja katikati ya mwaka hukutwa kwenye seti ya timu aliyoanzia, si aliyomalizia. Kwa hiyo kadi ya Ngoepe ya 2015 itafute kwanza kwenye seti ya Altoona. Baadhi ya klabu hutoa seti ya pili mwishoni mwa msimu, lakini usiitegemee.

Ukifuata mchezaji wa karibuni, utakuta pengo la 2020. Msimu wote wa ligi ndogo ulifutwa mwaka huo kwa sababu ya Covid-19, hivyo hujapitwa na kitu.

Hatua ya 3: Pata orodha kabla ya kutoa pesa

Kwa kila mwaka uliouandika, tafuta orodha ya kadi za seti hiyo kwenye tovuti ya Trading Card Database. Andika mambo matatu: jumla ya kadi, jina la mchapaji, na namba ya kadi ya mchezaji wako. Baadhi ya seti hazina namba kabisa, au zinatumia namba ya jezi. Seti huwa na kocha, daktari wa timu, kikaragosi cha timu na hata kadi ya mdhamini. Zote zinahesabika katika jumla.

Mchapaji ana maana kubwa. Mji mmoja kwa mwaka mmoja unaweza kuwa na seti mbili: ya kuuza dukani, na nyingine ya kugawiwa bure mlangoni siku maalumu kwa hisani ya benki au polisi wa mji. Don Mattingly, Wade Boggs na Tony Gwynn, waliokuja kuwa nyota wa ligi kuu, wote wana kadi za mchapaji TCMA za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Cal Ripken Jr., nyota mwingine, wa timu ya Charlotte O's ya 1980 ana kadi ya polisi yenye ukingo wa rangi ya chungwa na nyingine yenye ukingo wa bluu. Bei zake ni tofauti. Tangazo linalosema tu "Ripken Charlotte" halijakwambia kitu.

Hatua ya 4: Nunua seti, ukizijua hila zake

Ya mwaka huu inunue kwa klabu yenyewe. Msimu huanza mwishoni mwa Machi kwa Triple-A na mwanzoni mwa Aprili kwa wengine, na kwisha Septemba. Ukiulizia Aprili utaambiwa bado. Waswahili wanaoishi Des Moines, Columbus, St. Paul au Portland ya Maine wana uwanja mjini kwao: Iowa Cubs, Clippers, Saints na Sea Dogs. Kuagiza kupitia ndugu aliyeko huko ni rahisi kuliko kuishawishi klabu ndogo itume kifurushi Mombasa.

Za miaka iliyopita utazipata eBay na COMC, soko la kadi mtandaoni. COMC inafaa kwa aliye mbali: unanunua kadi mojamoja kwa wauzaji tofauti, zinakaa ghalani kwao, kisha zinatumwa zote kwa mara moja. Kwa kadi ya dola mbili, nauli ndiyo inayoua. Kukusanya kwanza ndiko kunakookoa. Bei usiisome kwenye matangazo yanayosubiri mnunuzi. Soma mauzo yaliyokwisha fanyika.

Sasa hila. Seti huuzwa ikiwa imebanwa kwa nailoni, na wengi huamini nailoni isiyofunguliwa ni ushahidi kwamba seti imekamilika. Si ushahidi. Mashine ya kubania nailoni hupatikana kwa bei ndogo, na seti nyingi za zamani zimechomolewa nyota mmoja kisha zikafungwa upya. Mwombe muuzaji picha ya kadi ya mchezaji wako, au angalau ahesabu kingo na alinganishe na jumla uliyoiandika. Akisema hataki kufungua, lipa bei ya seti isiyo na nyota huyo.

Tatizo la pili la nailoni ni la kimaumbile: huvuta pembe. Kadi ya juu kabisa na ya chini kabisa ndizo hubeba mvuto wote, na pembe zake hupinda ndani kidogo hata kama seti haijaguswa. Mchezaji wako akiwa ndiye anayeonekana juu, tarajia pembe zilizolegea.

Hatua ya 5: Ongeza kadi moja ya Bowman, si kumi

Kwa mchezaji wa sasa, kadi moja ya kiwandani inafaa kukaa pembeni mwa seti za timu. Tafuta yenye alama ya 1st Bowman, inayomaanisha ndiyo kadi yake ya kwanza ya Bowman. Fahamu kwamba humo mchezaji mara nyingi huvalishwa jezi ya klabu mama ambayo hajawahi kuichezea. Wauzaji huiita kadi ya mwaka wa kwanza, nayo siyo: hiyo huja akishafika ligi kuu, na tangu 2006 hubeba alama ya RC.

Matoleo ya rangi ya Bowman Chrome, yaani Bowman yenye uso unaong'aa, huandikwa idadi ya nakala: zambarau 250, bluu 150, kijani 99, dhahabu 50, chungwa 25, nyekundu 5. Rangi ionekane na namba iwe imepigwa chapa kwenye kadi. Rangi bila namba ni kadi nyingine. Chipukizi wengi hawafiki juu, na bei yake hushuka haraka kuliko ilivyopanda. Anayependa jezi za timu ndogo atapendezwa zaidi na Topps Pro Debut, iliyoanza 2010.

Hatua ya 6: Kagua kadi za zamani

Baadhi ya kadi za miaka ya 1970 na 1980 za nyota zilichapwa upya baadaye, nyingine kwa nia njema, nyingine kwa ulaghai. Chukua kioo cha kukuzia mara kumi na uangalie herufi. Katika uchapaji halisi, herufi nyeusi huwa na ukingo mzito, bila vitone. Ukiona herufi yenyewe imejengwa kwa vitone vya rangi, hiyo ni nakala ya picha ya kadi. Linganisha pia na kadi ya kawaida ya seti ileile, ya mchezaji asiyejulikana, kwa sababu hakuna anayehangaika kughushi ya mtu huyo: rangi ya karatasi upande wa nyuma na unene vifanane.

Ukirudi nyuma zaidi, kuna kadi za Zeenut za Pacific Coast League, zilizotolewa San Francisco kati ya 1911 na 1938 pamoja na peremende. Nyingi chini zilikuwa na kuponi ya kukata ili upate zawadi. Karibu zote zimekatwa, ndiyo maana urefu wake hutofautiana. Kadi fupi isiyo na kuponi ni ya kawaida. Yenye kuponi ni adimu na bei yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya 7: Hifadhi, hasa ukiwa pwani

Kadi ya kawaida ni milimita 64 kwa 89. Mchezaji wako mkuu mweke kwanza kwenye mfuko laini, halafu kwenye kasha bapa la plastiki ngumu la 35 pt (kipimo cha unene wa kadi). Kadi isiyo na mfuko laini hukwaruzwa na kasha lenyewe inapoingia na kutoka.

Seti nzima iweke kwenye kurasa za vifuko tisa. Kadi 30 huingia kurasa nne, na vifuko sita vya ziada. Weka kadi moja kila kifuko, usibandike mbili mgongo kwa mgongo, kwani takwimu zote ziko nyuma. Kurasa ziwe za polipropilini. Zile za zamani za PVC, zinazonuka plastiki na kunata mkononi, hutoa mafuta yanayopenya kwenye karatasi, na hayafutiki. Faili liwe na pete zenye umbo la D. Pete za duara huminya safu ya ndani ya kadi kila unapofunga.

Unyevu wa Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat ni adui wa kweli. Kadi za Chrome hujikunja kwa sababu tabaka la karatasi hufyonza unyevu na lile la kung'aa halifyonzi. Kadi za timu zenye kung'aa zikibaki kwenye nailoni hugandana, na ukizivuta wino hubaki kwenye kadi jirani. Kwa hiyo huku kwetu fungua seti, hata kama mkusanyaji wa Arizona angekukataza. Tumia boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, weka vifuko vya silika jeli na kipima unyevu kidogo, ulenge asilimia 40 hadi 50. Silika iliyoshiba ikaushe au ibadilishe. Boksi lisikae sakafuni wala ukutani panapopigwa jua.

Hatua ya 8: Omba saini

Wachezaji wa ligi ndogo husaini kwa wepesi kuliko wa ligi kuu. Tuma kadi mbili, barua fupi na bahasha ya kurudishia yenye stempu ya Marekani na anwani ya ndugu aliyeko huko, kwa anwani ya uwanja wa timu. Tuma Aprili au Mei. Kufika Agosti wengi wameshahamishwa, na barua hubaki kwenye sanduku la timu ya zamani. Weka nakala nyingine ya kadi nyumbani, maana bahasha nyingine hazirudi.

Kadi inayong'aa huukataa wino: saini hujikusanya matone na kupakazika. Kabla ya kutuma, sugua uso wa kadi taratibu kwa pamba yenye poda kidogo ya mtoto, kisha ipanguse mpaka vumbi liishe. Ukiwa uwanjani, nenda saa moja na nusu kabla ya mchezo, upande wa benchi la timu ya mchezaji unayemfuata, ukiwa na kalamu ya bluu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba. Iache kadi ikauke kabla hujairudisha kwenye mfuko.