Somo: Namna ya kuisoma hisabati diskreti chuoni bila kukariri

Kila muhula kilio ni kile kile. Mtu alikuwa hodari wa hesabu sekondari, anafika chuoni, anakutana na hisabati diskreti, na alama zinaporomoka. Wengi ni wanafunzi wa kompyuta, nao wanajiuliza mantiki, seti na grafu zinawahusu nini. Somo hili nimewaandikia wao.

Kalkulasi hushughulika na vitu vinavyobadilika bila kukatika, kama mwendo na joto. Hisabati diskreti hushughulika na vinavyohesabika kimoja kimoja: namba kamili, biti, hatua za programu, vituo na njia zinazoviunganisha. Mada zenyewe si ngumu kiasi hicho. Kinachowaangusha watu ni aina ya swali. Sekondari uliambiwa "tafuta x". Hapa unaambiwa "thibitisha", na jibu ni sentensi zilizopangika, kila moja ikiwa na sababu yake. Anayeendelea kutafuta fomyula ya kuchomekea namba atahangaika hadi mtihani wa mwisho.

Hatua ya 1: Andika fasili kwa mkono, neno kwa neno

Muulize mwanafunzi namba shufwa ni nini, atakwambia "ni 2, 4, 6, 8 na kuendelea". Hajakosea, ila jibu hilo halimpi cha kushika. Fasili inayofanya kazi ni hii: n ni shufwa ikiwa kuna namba kamili k ambayo n = 2k. Ni witiri ikiwa kuna k ambayo n = 2k + 1.

Sasa thibitisha kwamba jumla ya witiri mbili ni shufwa. Chukua a = 2k + 1 na b = 2m + 1. Basi a + b = 2k + 2m + 2 = 2(k + m + 1), na k + m + 1 ni namba kamili, kwa hiyo jumla ni shufwa. Kwisha. Fasili ndiyo iliyofanya kazi yote.

Angalia pia kwamba nimetumia herufi mbili, k na m. Ukitumia k kote, umethibitisha kwa namba moja iliyojumlishwa na yenyewe tu. Wasahihishaji hukata alama hapo, na wana haki.

Hatua ya 2: Elewa "ikiwa… basi…" kabla ya kitu kingine chochote

Kauli "ikiwa P basi Q" ni ya uongo katika hali moja tu: P ni kweli na Q ni uongo. Ichukulie kama ahadi. Nimekwambia, "Ukifaulu nitakununulia baiskeli." Nimevunja ahadi pale tu unapofaulu nami nisinunue. Usipofaulu, ninunue nisinunue, huna cha kunidai.

Mengi yanatoka hapo. "Ikiwa Q basi P" ni kauli nyingine kabisa, usiichanganye na ya kwanza. Lakini "ikiwa si Q basi si P" ni sawasawa na ya kwanza, na mara nyingi ni rahisi zaidi kuithibitisha. Mfano: ikiwa n² ni shufwa, basi n ni shufwa. Kuanzia n² kunakwamisha. Anzia upande wa pili: n ikiwa witiri, n = 2k + 1, basi n² = 4k² + 4k + 1 = 2(2k² + 2k) + 1, nayo ni witiri. Imetosha.

Chunga pia mpangilio wa "kwa kila" na "kuna". "Kwa kila namba kamili x kuna y iliyo kubwa kuliko x" ni kweli. "Kuna y iliyo kubwa kuliko kila namba kamili x" ni uongo. Maneno ni yale yale, yamehama nafasi tu.

Hatua ya 3: Seti

Usikae sana hapa. Hakikisha unatofautisha "ni elementi ya" na "ni seti ndogo ya". Seti tupu haina kitu, lakini seti iliyobeba seti tupu ina elementi moja. Seti yenye elementi n ina seti ndogo 2ⁿ. Ukitakiwa kuthibitisha kwamba A = B, onyesha kila kilichomo A kimo B, kisha kila kilichomo B kimo A. Michoro ya miduara inasaidia kuona, haithibitishi.

Hatua ya 4: Jaribu namba ndogo, kisha uzitilie shaka

Ukikwama, weka n = 1, 2, 3 uone kinachotokea. Ni tabia njema, ila usiishie hapo. Chukua n² + n + 41. Kwa n = 0 hadi 39, kila jibu ni namba tasa, mara arobaini mfululizo! Weka n = 40 upate 1681, ambayo ni 41 × 41.

Hata mabingwa wamenaswa na mtego huu. Fermat, mwanahisabati Mfaransa, aliamini namba za muundo 2^(2ⁿ) + 1 ni tasa zote, maana tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65537, ni tasa kweli. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha kwamba inayofuata, 4294967297, ni 641 × 6700417.

Hatua ya 5: Induksheni

Induksheni ni njia ya kuthibitisha dai la kila n: unaonyesha ni kweli kwa namba ya kwanza (msingi), kisha kwamba likiwa kweli kwa k ni kweli pia kwa k + 1. Hapa tutulie, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza alama wakidhani wameelewa.

Dai: jumla ya witiri n za kwanza, 1 + 3 + 5 + … + (2n − 1), ni n².

Msingi: n = 1. Upande wa kushoto ni 1, wa kulia ni 1². Sawa.

Dhana: tuseme dai ni kweli kwa namba fulani k, yaani 1 + 3 + … + (2k − 1) = k².

Hatua: witiri inayofuata ni 2k + 1. Basi 1 + 3 + … + (2k − 1) + (2k + 1) = k² + 2k + 1 = (k + 1)². Hilo ndilo dai kwa k + 1.

Unaposahihisha kazi yako, tafuta sentensi ambayo dhana imetumika. Hapo juu ni pale jumla ndefu ilipogeuka k². Kama huioni, basi ama hukuhitaji induksheni, ama umekosea. Jambo la pili: usianze kwa kuandika dai la k + 1 kisha ukapunguza pande zote hadi 0 = 0. Huko ni kuanza na unachotafuta. Anza na upande mmoja, utembee hadi wa pili.

Hatua ya 6: Kuhesabu

Mada hii inaonekana ya kitoto, kumbe ndiyo yenye majibu mengi ya uongo yanayofanana na ya kweli. Kabla hujagusa fomyula, jiulize: mpangilio una maana? Kurudia kunaruhusiwa? Ukichagua mwenyekiti, katibu na mhazini kati ya watu 10, njia ni 10 × 9 × 8 = 720. Ukichagua kamati ya watatu wasio na vyeo, kila kamati imehesabiwa mara 6 katika zile 720, hivyo jibu ni 120.

Mipangilio ya herufi za neno HISABATI: herufi ni 8, lakini I zipo mbili na A zipo mbili. Kwa hiyo 8! ÷ (2! × 2!) = 40320 ÷ 4 = 10080, ambapo 8! ni 8 × 7 × … × 1.

Usipoliamini jibu, punguza swali hadi uweze kuorodhesha yote kwa mkono. Neno BABA lina mipangilio 6. Iandike yote uone.

Hatua ya 7: Grafu

Chora. Vituo ni nukta ziitwazo vipeo, njia ni mistari iitwayo kingo, na digrii ya kipeo ni idadi ya ncha za kingo zinazokigusa. Kila ukingo una ncha mbili, kwa hiyo jumla ya digrii za vipeo vyote ni idadi ya kingo mara mbili. Mwaka 1736 Euler alilimaliza swali la madaraja saba ya mji wa Königsberg, kwamba je, unaweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Sehemu nne za nchi kavu zilikuwa na digrii 5, 3, 3 na 3 (jumla 14, yaani 7 × 2). Ukipita mahali bila kuanzia wala kuishia hapo, kila kuingia kuna kutoka, hivyo digrii lazima iwe shufwa. Mahali pa witiri hapawezi kuzidi pawili: pa kuanzia na pa kuishia. Hapa pako panne, basi haiwezekani.

Hatua ya 8: Funika, andika upya

Soma uthibitisho, funga daftari, uandike kwa maneno yako. Ukikwama, tazama mstari mmoja tu, ufunge tena. Kisha mpe mwenzako, naye aulize "kwa nini?" kila mstari. Kusoma suluhisho kumi huku unatikisa kichwa kunatoa raha na hakuachi kitu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye induksheni, mbona tunachukulia kuwa kweli kile kile tunachotaka kuthibitisha?

Jibu: Marahaba. Hatusemi dai ni kweli kwa kila n. Tunasema: *ikiwa* ni kweli kwa k, *basi* ni kweli kwa k + 1. Ni "ikiwa… basi…" ya hatua ya 2. Msingi unatupa 1, kiungo hicho cha k na k + 1 kinatupa 2, kisha 3, na kuendelea. Kiungo kimoja kikikatika, vyote vinaanguka. Tazama "uthibitisho" kwamba farasi wote wana rangi moja. Farasi mmoja ana rangi moja, sawa. Tuseme farasi k wowote wana rangi moja. Ukiwa na k + 1, mtoe wa kwanza: k waliobaki wana rangi moja. Mrudishe, mtoe wa mwisho: k waliobaki wana rangi moja. Walio katikati wamo makundi yote mawili, basi wote rangi moja. Kosa liko wapi? Farasi wakiwa wawili, katikati hakuna mtu.

Swali: Mkuu, nitajuaje nitumie njia gani ya uthibitisho? Nikiona suluhisho naelewa, nikiachwa peke yangu naganda.

Jibu: Soma umbo la dai. "Kwa kila namba asilia n", na n + 1 inajengwa juu ya n: jaribu induksheni. "Hakuna" au "haiwezekani": chukulia kwamba ipo, utafute mgongano, ndivyo inavyothibitishwa kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu ya namba kamili mbili. "Kuna": onyesha mmoja. Ukishuku dai ni uongo, mfano pinzani mmoja unatosha. Na usiogope kubadili njia katikati. Karatasi ya rafu ipo kwa kazi hiyo.

Swali: Lazima niwe vizuri kwenye kalkulasi kwanza?

Jibu: Kwa sehemu kubwa, hapana. Unahitaji aljebra safi: vipeo vya namba (kama 2ⁿ), sehemu, kufungua mabano.

Swali: Mimi nataka kuandika programu tu. Haya nitayatumia wapi?

Jibu: Masharti ya "kama" kwenye kodi yako ni mantiki ya mwanahisabati Boole, ambaye kitabu chake kikuu juu ya sheria za fikra kilitoka 1854. Hifadhidata za majedwali zinatokana na wazo la uhusiano kati ya seti, alilolichapisha mtaalamu wa kompyuta Codd mwaka 1970. RSA, njia ya kusimba ujumbe usisomwe na wengine, ya 1977, imesimama juu ya namba tasa na hesabu za baki. Na siku utakapotaka kujua kwa nini kitanzi chako kinatoa jibu sahihi kila mara, utaandika induksheni, hata kama hutaiita hivyo.

Swali: Mwalimu, nimejaribu HISABATI kwa masharti mawili. Irabu zote nne zikae pamoja: nimepata 720. Irabu mbili zisifuatane kabisa: nimepata 720 tena. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ndugu yangu. Panga konsonanti H, S, B, T: njia 24. Zinaacha nafasi 5, kabla, baina na baada. Irabu zenyewe, I, A, A, I, zinapangika kwa njia 6. Zikikaa pamoja, unachagua nafasi moja kati ya 5 ya kuziweka. Zisipofuatana, unachagua nafasi nne kati ya 5, yaani unachagua moja ya kuiacha tupu. Kote ni 24 × 5 × 6. Jaribu na neno lenye konsonanti tano na irabu nne uone kama usawa huo unabaki.