Namna ya kuacha kujipima kwa kazi ya mikono yako

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Mwaka juzi nilishona gauni la sendofu, zipu ya mgongoni nikaifumua mara nne kwa sababu ilienda upande, upana wa punje ya mchele. Kitambaa kikajaa matundu ya sindano, nikanunua kingine kwa hela yangu. Mwenye sherehe alivaa, akacheza, akanishukuru. Mimi nikalala ndani wiki tatu: chakula hakipiti, usingizi unakatika saa tisa usiku, cherehani hata kuitazama siwezi. Daktari aliniambia ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Kutaka kazi safi si kosa. Mimi nilikuwa naligeuza kosa la zipu kuwa kosa la mtu. Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, walieleza aina tatu za kutaka ukamilifu: kuudai kwako mwenyewe, kuudai kwa wengine, na kuamini kwamba watu hawatakukubali ukikosea. Nilipoelezwa hiyo ya tatu nililia. Nyumbani nilikumbatiwa nikishika namba moja tu.

Sasa fanya hivi. Kabla ya kushika mkasi, ukiwa umetulia, andika “imetosha” maana yake nini. Yangu iko ukutani: mshono hauachii, zipu inapanda bila kukwama, mteja anainua mikono. Vikitimia, kata uzi. Kufumua ni mara moja.

Ukianza kujitukana moyoni, liandike tusi neno kwa neno, kisha chini yake andika kile tu ambacho macho yameona. Juu niliandika: “Sifai kitu.” Chini: “Zipu imeenda upande.” La chini lina dawa, unapiga pasi, unashona upya. La juu huna pa kulishika. Siku za kwanza utaona unapoteza karatasi. Endelea, mimi ilinichukua kama mwezi.

Fanya pia jambo usilolijua vizuri, pamoja na mtu anayekupenda. Mimi na dada yangu tulipika chapati, zikatoka ramani, tukazila zote na chai.

Lakini huzuni, au kutotamani chochote, ikikushika karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo. Usiseme “kichwa kinauma” kama mimi, nikarudi nyumbani mara mbili na vidonge vya maumivu. Na wazo la kufa likikujia, usilale nalo. Mwamshe mtu usiku huo huo, umwambie, akupeleke hospitali.