Somo: Kikomo cha msingi cha RAM kwenye kontena za LXD

LXD, programu ya kuendesha kontena (mifumo midogo ya Linux iliyotengwa ndani ya seva moja), ikisakinishwa haiweki kikomo chochote cha RAM. Kontena moja yenye programu inayovuja inaweza kumaliza kumbukumbu ya seva nzima, na wasiohusika wakaumia. Kwa hiyo weka kikomo mapema, tena kidogo, maana kikomo cha msingi ni kwa ajili ya kontena ambayo hakuna aliyeifikiria. Kontena kubwa zipewe kila moja kikomo chake.

Hatua ya 1: Toa kwanza RAM ya seva yenyewe. Kwenye mashine ya 8 GB mimi huacha angalau 1 GB. Kama hifadhi yako ni ZFS (mfumo wa mafaili), kuwa makini zaidi: matoleo yake mengi kwenye Linux hujiruhusu kufika nusu ya RAM kwa kache, yaani data inayowekwa kwenye RAM ili isomwe haraka.

Hatua ya 2: Weka kikomo kwenye profaili ya msingi (mipangilio ya pamoja ya kontena, inayoitwa default).

lxc profile set default limits.memory 512MiB

Kinashika papo hapo, hata kwa kontena zinazofanya kazi, mradi zinatumia profaili hiyo.

Hatua ya 3: Kontena kubwa zipe kikomo chake. Hapa duka-db ni jina la kontena ya mfano.

lxc config set duka-db limits.memory 2GiB

Kilichoandikwa kwenye kontena hushinda cha profaili.

Hatua ya 4: Baada ya siku kadhaa zenye wateja wengi, endesha lxc info duka-db, usome kilele cha matumizi. Achana na wastani, kwa sababu programu huuawa kwenye kilele. Ila kilele hicho huhesabu pia kache ya mafaili, ambayo kerneli (kiini cha Linux) huirudisha kabla ya kuua chochote, kwa hiyo usikichukue chote kuwa mahitaji.

MASWALI

Mwalimu, vikomo vyangu vyote vinafika 12 GB na seva ina 8. Nimekosea?

Hapana, ndugu. Kikomo hakimtengei mtu RAM, kinamzuia tu asivuke. Angalia matumizi halisi ya zote kwa pamoja, hasa saa za baki-apu, kontena zinapoamka kwa wakati mmoja.

Mkuu, MariaDB yangu (hifadhidata) inakufa usiku. Nipandishe profaili iwe 1GiB?

Usipandishie wote kwa ajili ya mmoja. Kwenye seva mama endesha dmesg -T | grep -i oom. Oom ni kuishiwa kumbukumbu. Ukiikuta MariaDB humo, kagua innodb_buffer_pool_size, yaani RAM inayotumia kuweka data karibu. Chaguo-msingi lake ni 128 MB; watu huliongeza kwa kunakili mafunzo ya seva kubwa. Lipunguze, au ipe kontena hiyo kikomo chake.

Na Java? Kontena ina 512MiB lakini programu inalia haina nafasi.

Java 17 husoma kikomo cha kontena na kuchukua robo tu kwa hipu (sehemu ya RAM inayoweka data ya programu), yaani kama 128 MB. Anza na -XX:MaxRAMPercentage=60, upime tena. Usiipe 100, kwa kuwa nyuzi na msimbo wake hukaa nje ya hipu.