Somo: Mfuko wa bima unavyoweza kupunguza pengo la matibabu vijijini

Somo hili ni la waratibu wa CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii), maafisa wa mifuko na wajumbe wa kamati za vituo vya afya. Mfano wetu ni CHF iliyoboreshwa ya Tanzania, iliyoanza 2018 kwa mchango wa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imebadilisha mengi, ila jambo moja liko palepale: mwanachama huijua thamani ya kadi yake akifika dirisha la dawa.

1. Pima pengo kijiji kwa kijiji

Wastani wa wilaya unaficha. Chukua mahudhurio ya wanachama kwa mwaka, gawanya kwa idadi ya wanachama wa kijiji husika. Tuseme kijiji chenye zahanati kina wanachama 300 na mahudhurio 600, yaani mara 2 kwa kila mtu. Kijiji kilicho kilomita 12 kina wanachama 300 pia, mahudhurio 90. Hao wa pili si kwamba hawaugui. Wamelipa mchango uleule, na kwa kweli wanawalipia matibabu wale wa karibu. Vijiji vya namna hii ndivyo vya kuanza navyo.

2. Andikisha wakati wa mavuno

Ule mchango wa Sh 30,000 ulikuwa sawa na 2,500 kwa mwezi, lakini mkulima hana mshahara. Kwenye korosho nenda kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Kwenye pamba, msimu wa ununuzi. Makato kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) au VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) yanafaa, mradi kila mwanachama ameridhia kwa maandishi. Afisa mwandikishaji asilale na fedha za watu: alipie kwa namba ya malipo palepale, mwanachama akiona. Na asiondoke kabla ya kupiga picha ya kila mwanakaya. Mtoto aliyekuwa machungani siku hiyo ndiye atakayerudishwa kituoni miezi 3 baadaye.

3. Dawa

Hapa ndipo mifuko mingi huanguka. Mwanachama anaonwa bure, kisha anaambiwa akanunue dawa duka la nje. Ikitokea mara mbili, hahuishi kadi, na jirani zake wameshasikia.

Kila mwezi, mfuko uitake kila zahanati itoe taarifa ya dawa kama 10 tu zinazotumika sana pale: dawa mseto ya malaria, amoxicillin, ORS (chumvichumvi ya kuharisha) na zinki, za shinikizo la damu na nyinginezo. Uliza siku ngapi kila moja ilikosekana. Orodha ya dawa 200 hakuna atakayeijaza kwa ukweli.

Dawa ikikosekana Bohari ya Dawa (MSD), kituo hununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni karatasi: kituo hakina uthibitisho wa MSD kwamba dawa haipo, au kamati haijakaa kuidhinisha matumizi. Mfuko unaweza kusukuma hayo mawili bila kutoa hata shilingi.

4. Lipa madai mapema

Madai ni malipo ambayo kituo kinaudai mfuko kwa kuwatibu wanachama. Yakichelewa kulipwa, kituo kinaanza kumpendelea anayelipa taslimu. Angalia sababu za kukataa madai. Nyingi ni ndogo: namba ya kadi imekosewa, ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa, fomu haina sahihi. Rudisha fomu ndani ya wiki, siyo mwisho wa robo mwaka, maana mhudumu aliyeijaza anaweza kuwa ameshahama.

5. Sogeza huduma

Kwa kile kijiji cha kilomita 12, changia huduma ya mkoba, yaani wahudumu kuwafuata watu kijijini: mafuta ya pikipiki na posho ya wahudumu wawili, tarehe ileile kila mwezi ili watu waizoee. Wapimwe presha na sukari, wapewe dawa za mwezi. Mkoba wa kupima bila dawa ni usumbufu tu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kaya yangu ina watu 9. Nifanyeje?*
Kwenye CHF iliyoboreshwa, waliozidi 6 waliandikishwa kama kaya ya pili na kulipiwa mchango wake. Mfuko unaotaka haki uangalie hili, kwani kaya kubwa mara nyingi ndizo maskini zaidi.

*Watu kwetu wanajiunga wakishaugua. Mfuko utapona kweli?*
Hautapona. Kwa mchango ule wa Sh 30,000, kaya 200 zingeleta Sh 6,000,000 kwa mwaka. Wakiwa wengi wao ni wagonjwa, fedha hiyo haifiki mbali. Andikisheni kwa kikundi au kitongoji kizima, na wekeni muda wa kusubiri kabla kadi haijaanza kutumika.

*Daktari shikamoo. Mama mjamzito naye tumuuzie kadi?*
Marahaba. Huduma za ujauzito, na za watoto chini ya miaka 5, zina msamaha kisera kwenye vituo vya umma. Msimtishe kwamba bila kadi hatahudumiwa. Mwelezeni kuwa kadi inaihusu kaya nzima, baba na watoto wakubwa wakiwemo.

*Kaya isiyo na uwezo kabisa je?*
Mkutano wa kijiji uipitishe hadharani, halmashauri au mfadhili ailipie. Majina yakitoka kwa mwenyekiti peke yake, ndugu zake ndio watakaojaa kwenye orodha.