Kufunga mashine ya kusafishia mazulia ndani ya vani ya kisasa

Mashine ya kusafishia mazulia inayofungwa garini ni mtambo mzito: kuna injini, pampu ya kusukuma maji kwa shinikizo, kipulizi cha kufyonza maji machafu, kipasha maji, na fremu ya chuma inayoshikilia vyote hivyo. Zamani mtambo wa namna hiyo uliwekwa kwenye magari yenye chasisi ya vyuma vinene chini ya bodi. Vani nyingi za siku hizi, zikiwemo Ford Transit na Mercedes-Benz Sprinter, hazina chasisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo, na sakafu ni bati jembamba lenye mikunjo, lililoungwa juu ya mihimili. Kwa hiyo jambo la kuamua kwanza si mahali ambapo mashine itaenea, bali ni kitu gani kitakachoishika.

Anza na mizani. Kibandiko cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, huonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari zima na wa kila ekseli. Tuseme gari linaruhusiwa kilo 3,500 na likiwa tupu lina kilo 2,200. Limebakiwa na kilo 1,300. Mashine ikichukua 350, maji 400 (lita moja ya maji ni kilo moja), matangi, mipira na magurudumu ya kuizungushia 200, watu wawili 160, na dawa 60, tayari umefika 1,170. Nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, na bado hujaweka feni za kukaushia wala vifaa vya mkono. Kazi ikiisha, lipeleke gari kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, upime kila ekseli peke yake, kwa sababu jumla inaweza kuwa sawa huku ekseli ya nyuma imezidiwa.

Ekseli ya nyuma huzidiwa hasa kwa sababu ya maji. Maji masafi hayaondoki garini moja kwa moja: sehemu kubwa huvutwa tena kutoka kwenye zulia na kuingia katika tangi la maji machafu, hivyo uzito unahama tu. Ikiwa tangi la maji masafi liko katikati na la maji machafu limening'inia nyuma ya ekseli, gari lililotoka asubuhi likiwa limetulia litarudi na magurudumu ya mbele yaliyopungukiwa na mshiko, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi. Weka matangi yote mawili mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, yawe chini kadiri inavyowezekana, na uchague yenye vizuizi ndani ili maji yasiyumbe yote kwa pamoja kwenye kona. Uwiano wa kulia na kushoto nao uangaliwe. Mashine upande mmoja na tangi upande wa pili ni mpango unaofaa.

Kabla ya kushika drili, ingia chini ya gari. Liinue, liegemeze kwenye stendi imara (jeki peke yake haitoshi kamwe), kisha uchore ramani ya vilivyoko huko: tangi la mafuta, tangi la kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli, mabomba ya breki, mafungu ya waya, bomba la moshi na mihimili. Hamisha vipimo hivyo juu ya sakafu kwa chaki. Watengenezaji kama Ford na Mercedes-Benz hutoa miongozo kwa mafundi wa bodi, yenye kuonyesha sehemu zinazoruhusiwa kutobolewa na zisizoruhusiwa, na mwongozo huo una uzito kuliko maneno ya muuzaji wa mashine. Nguzo za pembeni na kingo za paa usiziguse bila kuusoma, maana humo huweza kuwa na mifuko ya hewa na vihisi vyake.

Toboa ukiwa na kizuizi kwenye ncha ya drili, ili isizame zaidi ya unene wa bati, na msaidizi asikae chini ya gari wakati huo. Kila tundu lisuguliwe kingo, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na likishafungwa bolti lizibwe kwa gundi isiyopitisha maji, kwa kuwa sakafu ya gari la kazi hii haikauki kabisa. Usichomelee chuma kwenye bodi: joto hudhoofisha vyuma vya nguvu ya juu, na umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu kompyuta za gari.

Bolti ziwe za daraja la 8.8 au zaidi, na chini ya bati pawe na bamba la chuma pana badala ya washa ndogo. Bamba hilo ni la gharama ndogo kuliko karibu kila kitu kingine katika kazi hii, na ndilo linalorukwa kwa urahisi mno. Mgongano mkali unaweza kuitia mashine ya kilo 350 nguvu mara 20 ya uzito wake, yaani sawa na tani 7 zikisukuma kuelekea mgongo wa dereva. Bolti iliyoshika bati tupu itang'oka na kipande cha sakafu. Kwa sababu hiyohiyo, weka kizuizi cha chuma kati ya kiti na mzigo.

Mafuta yachukuliwe kwenye njia ya ziada iliyoruhusiwa na mtengenezaji, au kwenye tangi la pembeni lililofungwa vizuri. Ikiwa mashine hutumia petroli na gari ni la dizeli, hakuna chaguo jingine ila tangi la pembeni. Waya wa umeme uanze na fyuzi karibu kabisa na betri.

Moshi wa mashine upitishwe kwa bomba hadi nje ya ukingo wa bodi, mbali na milango na madirisha, wala usiishie chini ya sakafu, kwani gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na hurudi ndani kupitia nafasi yoyote. Mashine isiwashwe milango ikiwa imefungwa, na king'ora cha gesi hiyo kiwekwe kwenye chumba cha dereva. Bolti zote zikazwe tena kwa spana ya kupimia nguvu baada ya siku chache za kwanza za kazi, kwa sababu mtetemo hulegeza kile kilichoonekana imara gereji.