Kupima hatari na ushindani wa mtandao wa wataalamu: mwongozo kwa waendeshaji wa Kisumu na Magharibi

Mwekezaji au benki ikikuuliza hatari za mtandao wako wa wataalamu, yaani jukwaa linalowakutanisha wataalamu na waajiri, ni zipi na unashindana na nani, jibu liwe limeshaandikwa. Fungua lahajedwali yenye safu wima tano: hatari, dalili yake ya kwanza, hasara ikitokea, kinga, na jina la anayeifuatilia. Ile safu ya tano ndiyo wengi huacha wazi, na hatari isiyo na mwenyewe hugunduliwa na mteja kabla yako.

Hesabu ya kwanza ni ya wanaorudi. Tuseme waliojisajili ni 2,000, na kwa siku 30 zilizopita walioingia kwenye akaunti zao ni 300. Andika 300. Hata LinkedIn, ilipouza hisa kwa umma mwaka 2011, iliwaonya wanunuzi kwamba sehemu kubwa ya kurasa zake hufunguliwa na wanachama wachache. Kisha igawe kwa taaluma na mji, kwa sababu hospitali ya Kondele, Kisumu, inayotafuta muuguzi wa zamu ya usiku haisaidiki na wahandisi wa Nakuru. Ukipata wauguzi 40 wa Kisumu wanaojibu ndani ya saa moja, una kitu cha kuuza.

Washindani wagawe mafungu. LinkedIn, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, inashindania wasifu. Usipambane nayo hapo. Tovuti za ajira kama BrighterMonday na Fuzu zinashindania tangazo la kazi. Anayekunyima usingizi hasa ni grupu ya WhatsApp: ni ya bure, inafunguka kwa bando dogo, na watu wanamjua admini. Waulize waajiri kumi mfanyakazi wa mwisho walimpata wapi, uandike jibu lilivyo. Kisha jenga pale grupu inaposhindwa: mwisho wake ni watu 1,024, tangazo la asubuhi limezama kufikia jioni, na hakuna anayehakiki leseni ya mtu. Wala usijifariji kwamba wewe ni wa hapa. Viadeo, mtandao wa wataalamu wa Ufaransa, ilikuwa na lugha na waajiri wa nyumbani, lakini mwaka 2016 iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama, ikaishia mikononi mwa wenye gazeti la Le Figaro.

Hatari inayoua mapato ni kurukwa. Mwajiri akishapata nambari ya simu ya mtaalamu, wanamalizana wenyewe. Dalili yake ni mwajiri anayefungua wasifu watano kwa siku moja kisha asionekane tena. Kamisheni ya mshahara haitakulipa hapa. Toza kabla hawajakutana, ama kwa kila tangazo au kwa mwezi wa kutafuta. Na ukianza kuwatafutia watu kazi kwa ada, sheria inaweza kukuona kama wakala wa ajira, ambaye lazima asajiliwe. Muulize wakili kabla ya kupanga bei.

Angalia pia pesa zako zinatoka wapi. Mteja mmoja akizidi robo ya mapato, apewe mstari wake kwenye lahajedwali. Hata wateja wengi wanaweza kuwa mteja mmoja: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, mashirika ya afya yaliyoitegemea hapa Magharibi yalisitisha ajira kwa wakati mmoja. Kwa hiyo pembeni ya kila mwajiri andika anayemlipa yeye.

Matapeli watakuja wakijifanya waajiri na kudai "ada ya medical" kwa M-Pesa. Tangazo la kwanza la kila mwajiri mpya lishikiliwe hadi PIN yake ya KRA na usajili wa kampuni vikaguliwe, na apigiwe kupitia nambari ya ofisi, si ile aliyoandika kwenye tangazo. Upande wa wataalamu, linganisha jina na rejista ya bodi yao, kwa mfano ICPAK kwa wahasibu. Picha ya cheti pekee haitoshi. PDF hubadilishwa kwa dakika kumi.

Data ndiyo sehemu ya kufanyia kazi zaidi. Mwaka 2012 nywila za LinkedIn ziliibwa zikiwa zimefichwa kwa SHA-1 tupu, njia ya kuficha nywila iliyo rahisi kuvunjwa, bila herufi za nasibu za kila mtumiaji, na mwaka 2016 akaunti zaidi ya milioni 100 zikawa zinauzwa. Tumia bcrypt au Argon2, njia za kuficha nywila zilizo ngumu kuvunjwa. Kampuni hiyohiyo mwaka 2015 ilikubali kulipa dola milioni 13 kwa kesi ya barua pepe za kukumbusha mialiko zilizotumwa kwa majina ya wanachama. Basi usinyonye orodha ya simu ya mtu na kuwasumbua rafiki zake. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uvujaji unaohatarisha wahusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ukiugundua Ijumaa saa kumi jioni, mwisho ni Jumatatu saa kumi jioni, na wikendi inahesabiwa. Faini hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Weka tayari rasimu ya taarifa, na mkataba unaomlazimu mwenye seva kukuarifu ndani ya saa 48.

Intaneti yenyewe ikikatika, kama Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, zamu za usiku bado zitahitaji watu. Panga njia ya SMS kwa matangazo ya dharura, na uijaribu kila miezi mitatu kwa kuzima programu kwa saa moja, ukiwa umewaarifu waajiri mapema.

Nakuru ifungue baada ya taaluma moja ya Kisumu, kama wauguzi, kujilipia gharama zake kwa miezi sita. Hesabu ya wanaorudi ya Nakuru iwe kwenye ukurasa tofauti, ikianzia sifuri.