Kupima nukuu za mkemia ogania: kutoka orodha ya makala hadi kipimo cha h

Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hukokotolewa kwa dakika mbili: mtafiti ana h ya 6 akiwa na makala 6 ambazo kila moja ina angalau nukuu 6, yaani imetajwa na makala nyingine angalau mara 6. Kazi yenyewe iko kwenye orodha ya makala: orodha ikiwa chafu, namba nayo ni chafu. Mfano wetu ni K. Barry Sharpless, mshindi wa Nobeli ya Kemia mara mbili (2001 na 2022), maana kazi zake zina karibu kila mtego unaomsubiri mtathmini.

Hatua ya 1: Kusanya majina yote

Tafuta "Sharpless KB", "K. Barry Sharpless" na "Barry Sharpless". Usichuje kwa taasisi. Alikuwa MIT, akaenda Stanford, akarudi MIT, kisha akahamia taasisi ya utafiti ya Scripps mwaka 1990. Ukichagua Scripps peke yake, unaipoteza makala ya 1980 aliyoandika na Tsutomu Katsuki kuhusu epoksidesheni (mmenyuko wa kuongeza atomu ya oksijeni kwenye molekuli), na hiyo ni nguzo ya Nobeli ya kwanza.

Mtafiti akiwa na ORCID (namba ya kumtambulisha mtafiti: tarakimu 16, ya mwisho huweza kuwa X), anzia hapo. Ila mfumo huo ulizinduliwa 2012, kwa hiyo kazi za zamani zimo tu kama mwenyewe aliziongeza.

Hatua ya 2: Chagua kanzidata moja

Kanzidata ndiyo hifadhi ya kidijitali inayoorodhesha makala na nukuu zake. Scopus na Web of Science hulipiwa. OpenAlex na Crossref ni bure na data zake hupakuliwa. Google Scholar ni bure pia, lakini huhesabu hata nukuu za tasnifu. Usichanganye namba za kanzidata mbili kwenye jedwali moja, na andika tarehe uliyopakua. Kwa mkemia wa mazao asilia wa Dar es Salaam au Nairobi, angalia Google Scholar pia, kwa sababu majarida mengi ya Afrika Mashariki hayamo Scopus.

Hatua ya 3: Ondoa makala pacha

Hapa usikimbie. Jarida la *Angewandte Chemie*, wanalolipenda sana wakemia ogania, hutoka katika matoleo mawili: la Kijerumani na la kimataifa. Makala ni ileile, lakini ina namba mbili za juzuu, namba mbili za ukurasa na DOI mbili (DOI ni namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni). Makala ya 2001 ya Kolb, Finn na Sharpless iliyoasisi kemia ya kliki (kuunganisha molekuli kwa mimenyuko rahisi na ya uhakika) iko juzuu 40, ukurasa 2004 kwenye toleo la kimataifa, na juzuu 113, ukurasa 2056 kwenye la Kijerumani. Kanzidata ikizitenganisha, nukuu hugawanyika na orodha huongezeka makala ambayo haipo. Panga jedwali kwa mwaka na waandishi, kisha tafuta mistari inayofanana. Kwenye DOI za sasa, "anie" ni toleo la kimataifa na "ange" ni la Kijerumani. Bakiza mstari mmoja. Usijumlishe nukuu za pacha kabla ya kulinganisha makala zilizonukuu, kwani wengi huyataja matoleo yote mawili kwa pamoja.

DOI za miaka hiyo nazo zina shida yake. Ya makala hii ni:

10.1002/1521-3773(20010601)40:11<2004::AID-ANIE2004>3.0.CO;2-5

Ukiiweka kwenye anwani ya Crossref, andika %3C badala ya < na %3E badala ya >. Na kwa kuwa ina nukta mkato, faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) linalotenganisha safu kwa alama hiyo linaweza kuikata vipande viwili. Tenganisha safu kwa tabo.

Hatua ya 4: Kokotoa

Weka nukuu kwenye safu B kuanzia B2, kubwa ikiwa juu. Kwenye C2 andika:

=IF(B2>=ROW()-1,1,0)

Buruta hadi chini, kisha jumlisha safu C. Nukuu zikiwa 90, 41, 30, 12, 9, 6, 5, h ni 6: makala ya sita ina nukuu 6, ya saba ina 5 tu. Kama Excel yako inatenganisha kwa nukta mkato, badilisha mikato ndani ya fomula.

Rudia hesabu baada ya kutoa nukuu ambazo mtafiti amejinukuu mwenyewe, uandike namba zote mbili.

Hatua ya 5: Fungua makala tano za juu

Kwa kila moja andika aina yake. Makala za mapitio hunukuliwa kwa wingi. Zitenge na zile za maabara. Makala za mbinu zina tabia yake pia: ile ya Still, Kahn na Mitra ya 1978 kuhusu kromatografia ya flash hunukuliwa na watu waliotenganisha tu mchanganyiko wao kwenye silika.

Kinyume chake hutokea mmenyuko ukishapewa jina la mtu. Watafiti huandika "Sharpless epoxidation" na kuendelea, bila kuitaja makala ya 1980. Tafuta maneno hayo ndani ya alama za nukuu kwenye Google Scholar, uweke idadi ya matokeo kando ya nukuu za makala yenyewe.

Mwisho, tazama nani mwingine aligundua jambo hilohilo. Mmenyuko wa azidi na alkaini (aina mbili za kemikali) kwa kichocheo cha shaba ulitolewa mwaka 2002 na kundi la Sharpless na, kivyake, kundi la Morten Meldal nchini Denmark. Wengi hunukuu zote mbili.